Matarumbeta ya Siku ya Punje

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi ile, mimi Sikuzani Mkude, mwenyekiti wa kamati za harusi kumi na saba mfululizo, nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Mtaa wa Kilombeni, na pengine Morogoro nzima. Saa tatu na robo nilikuwa sijui nimesimama wapi.

Tulikuwa saluni, tumejaa kama ninavyopenda mimi: wengine kwenye viti, wengine juu ya ndoo zilizogeuzwa, chai inazunguka, umbea unazunguka na chai. Bibi harusi alikuwa Skolastika, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama wima. Mara akamshika msusi mkono.

"Shangazi, naomba watu watoke."

"Watoke waende wapi? Hii ni kamati yako."

"Basi wabaki. Siolewi."

Kamati ikacheka. Bibi harusi yeyote husema hivyo walau mara moja, tumezoea. Lakini Skola hakucheka.

"Nimekaa kwenye kiti hiki tangu saa moja," akasema, "najaribu kukumbuka ni lini nilimkubali Adelard. Sikumbuki. Nakumbuka siku kamati ilipomkubali."

Vikombe vikatulia. Siku hiyo mimi naikumbuka vizuri. Ilikuwa Machi, mvua inamwagika, nikawaona Skola na Adelard fundi umeme wakitoka mashine ya kusaga chini ya mwavuli mmoja. Mwavuli mmoja! Jioni ile nilikuwa na kamati ya watu kumi na moja. Kesho yake asubuhi nikampigia mama yake Adelard kumwambia mambo yameiva, na kabla ya mchana michango ikaanza kuingia.

"Mpigieni Adelard aje," nikasema. "Mwanamume ataongea."

Adelard akaja na suti mkononi, bado imo kwenye mfuko wake wa nailoni. Nikamweleza. Akamtazama Skola, akanitazama mimi, akarudi kumtazama Skola.

"Kwani si wewe uliyemtuma shangazi yako?"

"Mimi? Nilijua mama yako ndiye aliyetumwa na wewe."

"Mimi nilikuwa nakusindikiza na unga tu!"

Nusu ya saluni ikaangua kicheko, nusu ikashika vichwa. Mimi nilifanya vyote viwili.

"Sasa wanangu, miezi minne yote hii hamkusema kwa nini?"

"Ningesema saa ngapi, shangazi?" Skola akaanza kufumua rasta moja, polepole. "Siku niliyotaka kusema, watu walikuwa wameshachanga. Na mchango wa mtaa huu si wa pilau tu. Unajua."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Wote tulijua. Nikatafuta viatu vyangu mlangoni, nikatumbukiza miguu, nikatoka mbio kuelekea zahanati. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ndipo nikaona nimevaa viatu vyeupe vyenye shanga. Vya bibi harusi. Vinabana kama adhabu.

*

Mzinga wetu, mashine ya dawa, umekaa chumba cha nyuma cha zahanati, nyuma ya pazia la kijani. Ukubwa wake ni kama wa friji, na mbele una tundu la kuingiza mkono. Kila miezi mitatu, mtu mzima yeyote wa Kilombeni anapanga foleni, anaingia peke yake, anaweka kidole gumba, Mzinga unamtambua, unavuma sekunde saba ukiisaga na kuifinyanga punje yake ya wanga wa muhogo, ndogo kama mchele, kisha sekunde saba nyingine unaipachika chini ya ngozi ya mkono na kubandika plasta. Punje yenye dawa inayeyuka taratibu, na mwenye virusi vya UKIMWI anaishi miezi mitatu bila kumeza kidonge hata kimoja na bila kumwambukiza mtu.

Nyingine hazina kitu. Wanga mtupu. Za namna hiyo ndizo nyingi.

Wakati wafadhili wanafunga mabegi nilikuwa msichana. Ikasemwa nchi itajisimamia. Zikaja tozo za soda, za simu, za saruji, bado hazikutosha. Pale zahanati wakaweka sanduku la kuchangia dawa. Baada ya mwaka lilikutwa na sarafu tatu na kifungo cha shati. Ndipo mmoja huko juu, sijui nani, naye lazima alikuwa mpenda harusi, akagundua kwamba nchi hii inachanga bila kushikiwa fimbo, mradi pawe na kadi, majina yasomwe na vigelegele vipigwe. Ikaja Sheria ya Sherehe. Ukichangia harusi, kipaimara au arobaini ya mtoto, sehemu ya kumi inashuka yenyewe kwenye Mzinga wa mtaa wenu. Mtaa wenye shangwe unapona. Mtaa uliopooza, shauri yake. Mimi nimefanya kazi ya kuhakikisha Kilombeni haipoi hata robo moja ya mwaka. Wenzangu wananiita Mama Kamati, na mnaweza kuona jina hilo lilivyonivimbisha.

Siku ya punje ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Niliipanga mwenyewe hivyo: saa tisa maharusi waweke vidole, harusi ithibitike, Mzinga upokee, watu waingie foleni wakiwa wameshavaa sare, kisha ukumbini.

Sista Yustina, muuguzi wetu, alikuwa anafuta tundu la Mzinga kwa pamba. Nikamwambia. Akaketi juu ya boksi.

"Harusi ikivunjika?"

"Saa tisa kamili pesa inarudi kwenye simu za waliochanga. Yote, pamoja na ya Mzinga. Ndiyo sheria, Sista."

Akaugeukia Mzinga. "Bila sherehe ya leo, zinatoka punje ngapi?"

"Karibuni," ukasema Mzinga kwa sauti yake ya kistaarabu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Bila sherehe ya leo nina wanga wa punje mia na kumi na nane. Wanaotarajiwa ni mia nne na sita."

"Wenye kuhitaji dawa ni wangapi?" nikadakia.

"Idadi hiyo siitoi, Mama Kamati."

"Basi niambie tu kama watatosheka."

Taa yake ikapepesa. Sijawahi kujua kama unafikiri au unatafuta.

"Nikiacha punje tupu, wenye kuhitaji dawa watapata wote. Nahitaji kidole cha muuguzi na cha mwenyekiti wa kamati. Ninawatahadharisha: kwa asiye na punje, sitavuma."

Sista Yustina akanitazama. Nikatazama viatu.

Lazima niseme hapa jambo ambalo mtaa mzima unalijua na hakuna anayenitajia usoni. Mizinga ilipoanza hapakuwa na punje tupu. Wote tuliingia, ila Mzinga ulivuma kwa mwenye virusi tu. Bomba la maji liko hatua sita kutoka dirishani, na nilikuwa na miaka ishirini na masikio makali. Nilikinga maji huku nahesabu mivumo. Nilimsikia Fundi Mloka, mshona viatu, akivumiwa, nikalichukua jina lake nikalitembeza na ndoo kichwani, nyumba moja mpaka nyingine, kwa utamu wa kusikilizwa. Fundi Mloka hakurudi tena zahanati. Robo mbili za mwaka zilitosha. Nilichangia jeneza, nikapika kwenye msiba, nikalia kuliko ndugu zake.

Baada ya yeye na wengine kama yeye kwingineko, punje tupu zikaletwa ili wote wavumiwe. Ziliwekwa kwa sababu ya watu kama mimi.

"Dawa ipo," akasema Sista. "Kinachokosekana ni siri. Na bila siri hawataingia humu, Mama Kamati, wewe unajua kuliko mimi. Tuweke vidole?"

"Subiri."

"Punje zao za zamani zinaisha wiki hii."

"Nimesema subiri. Niongee na mtoto kwanza."

*

Nilimkuta Skola kibarazani kwa marehemu kaka, kichwa kimeshafumuliwa chote, amejifunga kanga. Adelard alikuwa amekaa ngazi ya chini akitafuna karanga kama mtu aliyetoka kusamehewa kifungo. Nikamfukuza kwa macho, asiende. Basi nikasema mbele yake.

"Olewa leo tu. Wekeni vidole, Mzinga upokee. Kesho kila mmoja arudi kwao, nitawatetea mwenyewe."

"Padri naye utamwambia ni ya leo tu?"

"Padri mwachie Mungu."

"Shangazi!"

"Skola, kuna watu." Sauti ikaniponyoka. "Kuna watu mtaa huu, siwajui, pengine ndiye anayekuuzia maandazi. Wiki ijayo hawana kitu mkononi. Unataka nifanyeje? Niambie wewe uliyesoma."

Akainamisha kichwa. Nikadhani nimempata, na nikashangaa kwamba sikufurahi.

"Nimeingia nyuma ya pazia lile miaka tisa," akasema hatimaye. "Sikwambii punje yangu ni ya aina gani, na hujawahi kuniuliza, nakushukuru. Ila usiniambie kwamba ili watu waishi lazima nilale na mtu nisiyemtaka. Samahani, Adelard."

"Hamna shida," akasema Adelard, mdomo umejaa.

"Na robo ijayo, shangazi? Utamwona nani tena chini ya mwavuli?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa yanapigana mlangoni. Ana haki. Lakini na yule muuza maandazi ana haki. Mimi ndiye niliyeanza, basi kosa ni langu. Lakini kosa langu limewapa watu dawa mara kumi na saba, sasa hilo ni kosa la namna gani? Kichwa kilikuwa kinazunguka kama feni iliyolegea.

Ndipo matarumbeta yakafika.

Mzee Kunambi na vijana wake sita hawakuwa na habari. Waliambiwa saa saba wamchukue bibi harusi, na saa saba hiyo wakakata kona, mashavu yamevimba, ngoma kubwa inagonga kifuani. Skola alikuwa anaendelea kusema. Nilimwona midomo inachezacheza, mkono unapungapunga. Sikusikia neno hata moja, na tulikuwa tumekaa goti kwa goti.

"Unasema nini?" nikapiga kelele.

Akarudia. Sikusikia.

Nikainuka. Nikamshika Mzee Kunambi mkono uliokuwa umeshika tarumbeta, wimbo ukakatika kwa mlio wa bata.

"Mzee wangu, unaweza kupiga kwa muda wa saa tatu bila kupumzika?"

"Mama Kamati, nimepiga tangu hujaota meno. Bibi harusi yuko wapi?"

"Hakuna harusi."

"Sasa nampigia nani?"

"Wote," nikasema. "Njoo zahanati."

*

Sista Yustina alinielewa haraka kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Tukaweka vidole, chake kisha changu. Mzinga ukasema, "Punje tupu zimeondolewa. Asante kwa kujali," nami nikatamani kuupiga teke. Nyuma ya pazia Sista akaweka boksi la plasta na karatasi aliyoandika kwa mkono: KAMA MZINGA HAUVUMI, HESABU SABA MARA MBILI, BANDIKA PLASTA, TOKA. Boksi lile liliwekwa pale wote watakapopita. Hata mwenye punje alipita mbele yake.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, ile ninayoijua: kujaza watu.

Nilipita nyumba kwa nyumba na viatu vya shanga. Sikudanganya. Nilisema harusi imekufa, pesa zenu zinarudi saa tisa, pilau limeshaiva na litaliwa zahanati, na leo Mzinga hautamvumia asiyehitaji. Kwa hiyo asiyehitaji ndiye namtaka aje kwanza.

"Sasa nije kufanya nini na sipewi kitu?" akaniuliza mama mmoja mwenye duka, mikono kiunoni.

"Uje upange foleni."

"Nipange foleni ya bure?"

"Ulipanga miaka yote hiyo ukapewa wanga wa muhogo. Uliuliza?"

Akafikiri. "Na sare nivae?"

"Vaa."

Saa tisa kasorobo foleni ilikuwa imetoka mlango wa zahanati, ikazunguka bomba, ikapita kibanda kilichokuwa cha Fundi Mloka, ikapotea kona ya msikitini. Wote sare ya zambarau niliyoichagua mimi. Saa tisa kamili simu zote zikatetemeka pamoja, pesa zimerudi. Mtu akiwa na pesa yake mkononi na hana cha kupewa, anaondoka. Wawili watatu walitoka, kweli. Mwenye duka aliitazama simu yake, akaitia kwenye sidiria, akasogea mbele hatua moja.

Skola aliingia wa kwanza, na kanga yake. Kunambi akapuliza. Alipotoka na plasta mkononi, wanawake wakamshangilia kuliko ambavyo wangemshangilia na shela.

Mimi nikaenda kusimama bombani. Pale pale, hatua sita. Nilitaka kujua kama inawezekana. Nikatega masikio yale yale yaliyomuua mtu, nikayatega kwa nguvu zangu zote. Tarumbeta. Ngoma. Mtoto analilia nyama. Tarumbeta.

Watu mia, watu mia mbili. Jua likaanza kuegemea milimani. Halafu katikati ya wimbo, bila taarifa, ngoma ikapasuka. Vijana wakasita, Kunambi akaishiwa pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu saa tisa ukaingia ukimya. Foleni nzima ikakauka. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu.

Nikasikia kitu. Kama nyuki mmoja chupani. Au ni maji kwenye bomba. Au ni pumzi ya mzee ndani ya shaba. Mpaka leo sijui, maana haikufika sekunde moja. Skola alikuwa ameshatupa kigelegele, kirefu, chembamba, cha kupasua bati. Mwenye duka akakidaka. Kikashika foleni yote mpaka kona ya msikitini, na Adelard, asiyejua kupiga kigelegele, akawa anagonga sinia la pilau kwa mwiko kama ana ugomvi nalo.

Aliyekuwa ndani akatoka na plasta. Namjua, mnamjua. Akanikuta nimesimama bombani, ananitazama mimi, si mwingine. Miguu ilikuwa inaniwaka moto.

"Mama Kamati," akasema taratibu, "umesikia?"

"Kelele hizi zote? Nisikie nini?" nikamwambia. "Nenda kale."

Akanitazama kidogo tena, akaenda kula.

Kunambi akarudisha pumzi, akaanza upya bila ngoma. Foleni ilikwisha jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya mlima. Sista Yustina akatoka, akaniambia wote waliopaswa kuja wamekuja, hakuna aliyekosa hata mmoja; kwa miezi mitatu tuko salama. Nikamuuliza miezi mitatu ikiisha tutapuliza nini. Akasema hajui. Nikamwambia nami sijui, na kwamba leo nimechoka kujua.

Skola akanijia na ndara zangu mkononi.

"Shangazi, nirudishie viatu."

"Vimekwisha, vina matope."

"Sina pa kuvivaa." Akainama, akanivua kimoja kimoja kama mtoto mdogo. "Wewe umeingia?"

Sikuwa nimeingia, ingawa Sista alikuwa ameshanihesabu kwenye foleni. Nilikuwa wa mwisho. Nikavaa ndara zangu, nikapita mbele ya wanawake bombani, hatua sita, nikafunga pazia, nikaweka kidole. Nilikaa humo muda ule ule waliokaa wengine. Nikatoka na plasta, na wote walikuwa wananitazama, nami nikawatazama.

Kama Mzinga ulivuma au haukuvuma, kamuulizeni Mzee Kunambi. Yeye ndiye aliyekuwa anapuliza.